Van ya watalii kuwa nyumba ya 4x4: nianze na injini au na ekseli? (Malindi)

#1 Mtoto_wa_Shela

Asalaam aleikum, wakubwa kwa wadogo. Nimesoma humu kimyakimya zaidi ya mwaka, leo nami nimeleta langu.

Nimenunua HiAce ya zamani, ile tunayoiita boksi, iliyokuwa ikipeleka watalii Tsavo Mashariki. Mnaoishi Malindi mnazijua van hizi: paa linainuka ili mgeni asimame apige picha, madirisha ya kusukuma, viti vya kitambaa cha milia. Mwenyewe aliacha kazi ya utalii, van ikakaa chini ya mkwaju uani kwake karibu miaka mitatu. Siku niliyoenda kuiangalia nilikuta mayai sita kwenye kiti cha dereva, na kuku mwenyewe hakutaka kushuka. Injini ni 5L (ni jina lake, si lita tano), dizeli. Tulifunga betri nyingine, mara ya tatu ikawaka. Inavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake.

Ninachotaka ni nyumba ya safari. Mke wangu, watoto wawili, na mama siku akitaka kwenda kwao Witu. Nilale Marafa nione magenge ya Nyari asubuhi, nishike njia ya Sala niingie Tsavo, na kaskazi ikiingia niende hadi Mokowe bila kubanana kwenye basi. Kwa hiyo lazima iwe 4x4.

Mpango wangu ni huu. Ning'oe 5L, niweke 1HZ ya Land Cruiser, 4164 cc, silinda sita, pamoja na giaboksi yake na transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ekseli ya mbele nitafute yoyote ya Toyota. Ya nyuma nibaki na hii niliyo nayo. Fundi mmoja hapa mjini amenihakikishia wiki tatu gari linatoka.

Nipeni akili kabla sijatoa pesa.

#2 Chuma_Kisauni

Wa aleikum salaam. Wiki tatu! Huyo fundi anakupenda wewe au anapenda pesa zako. Nijibu moja kwanza: hiyo 1HZ umeshailipa?

#3 Mtoto_wa_Shela

Bado. Nimetoa neno tu.

#4 Chuma_Kisauni

Alhamdulillahi. Nikifunga karakana jioni naandika.

#5 Mzee_Galana

Mwanangu, mimi van kama hiyo nimeiendesha njia ya Sala miaka mingi, pengine hiyohiyo yako nimeshawahi kuikalia. Wacha nikwambie jambo ambalo mafundi hawatakwambia, maana wao wanaishi chini ya gari, mimi niliishi juu yake.

Katika miaka yote hiyo nilikwama mara nyingi, na hata siku moja sikukwama kwa kukosa nguvu ya injini. Nilikwama kwa tumbo. HiAce tumbo lake liko chini, linakaa juu ya tuta la katikati ya njia kama boti kwenye fungu, magurudumu yanazunguka hewani huku wageni wanakutazama. Mara nyingine nilikwama kwa haraka: unaingia mchangani kwa gia ya pili, unakanyaga, tairi linachimba kaburi lake. Pale ulihitaji gia ya kutambaa, gari liende mwendo wa mtu anayetafuta sindano. Hiyo ndiyo maana ya gia nzito kwenye transfa. HiAce za 4x4 za kutoka Japani huwa zinavuta mbele na nyuma muda wote, lakini gia nzito hazina. Kwa barafu ya kwao zinafaa.

Na upepo wa tairi! Kiangazi tulikuwa tunaingia Tsavo na magurudumu mawili tu ya kuvuta, tukarudi. Siri ilikuwa kushusha upepo kutoka PSI 35 hadi 18, tairi likapanuka kama unyayo wa ngamia. Wengi wananunua foo-wili kumbe walihitaji pampu ya kujazia upepo.

Sasa jiulize, foo-wili yenyewe utaihitaji siku ngapi kwa mwaka? Sikukatazi. Nauliza.

#6 Mtoto_wa_Shela

Shikamoo mzee. Swali lako limenikaa. Kusema kweli, pengine siku ishirini. Lakini siku hizo ishirini nitakuwa na watoto garini, na mbali na watu. Ndiyo maana nataka.

#7 Mzee_Galana

Marahaba. Basi hiyo ni sababu. Endelea.

#8 Chuma_Kisauni

Nimefunga, nimekoga, chai iko hapa. Itakuwa ndefu.

1HZ ni injini ya heshima, sina ugomvi nayo. Pampu ya nozo ya kawaida, haina kompyuta, dizeli ya dumu la kando ya njia inaimeza na kushukuru. Lakini chukua futi ukaipime. Silinda sita mstari mmoja. Land Cruiser ina pua ndefu ya kuimeza. HiAce haina pua: injini iko chini ya viti vya mbele na dereva kakalia gurudumu. Ukiisukumiza 1HZ mle, matako yake yanatokea nyuma ya viti, kisha ifuate giaboksi, kisha transfa. Lile sanduku la injini litafika pale unapotaka kulaza watoto. Umewahi kulala juu ya jiko la mkaa lililozimwa sasa hivi? Na uzito wake wote unaegemea mbele, kwenye ekseli ambayo umesema ni "yoyote ya Toyota".

Watakuja wa 1KZ-TE, ile ya Surf, 2982 cc na turbo. Ni fupi, inaingia, ina mbio. Lakini pampu yake inaongozwa na kompyuta, na hedi zake zinajulikana: ikichemka mara moja tu, unaanza kutafuta ufa. Sasa ifikirie ndani ya sanduku la HiAce, unatambaa mchangani saa saba mchana, gari halipati upepo. Mimi siweki. Anayetaka aweke.

Swali langu ni hili: nani alikwambia 5L haifai? 2986 cc, haina turbo, haina kompyuta, imekaa miaka mitatu chini ya mkwaju ikawaka mara ya tatu. Unataka ikuoneshe nini zaidi? Halafu iangalie nasaba yake. 2L, 3L, 5L ni ndugu wa tumbo moja, na ndugu hao ndio waliofungwa kwenye Hilux za dizeli za 4x4. Kwa hiyo giaboksi ya Hilux ya dizeli, na transfa yake yenye gia nzito, imezoea kukaa mgongoni mwa L. Bolti zinakutana bila kuchonga sahani ya kuunganishia. Ekseli za ile Hilux ya zamani, ya mbele nzima na springi za bapa kama za lori dogo, zinakuja na breki zake na difu zake, zile gia za katikati ya ekseli.

Tafuta Hilux moja iliyopinduka. Chukua giaboksi, transfa, propela zote mbili (shafti za kupeleka nguvu kwenye ekseli), ekseli zote mbili. Ukoo mzima kutoka nyumba moja. Usiokoteokote.

#9 Spana_14

Mzee Chuma umesema vizuri lakini umeruka kitu. Giaboksi ya Hilux kijiti cha gia kiko juu yake moja kwa moja. Kwenye HiAce injini iko chini ya kiti, giaboksi iko nyuma yake. Kijiti kitatokea sebuleni. Mke atakuwa anabadilisha gia huku anakaanga samaki 😂

Kwa nini asibaki na giaboksi ya HiAce, aongeze transfa ya Suzuki ndogo ile iliyojitenga, inayoungwa kwa propela fupi? Inakaa popote unapotaka.

#10 Chuma_Kisauni

😂 Kweli, nimeruka, na hilo ndilo lililoniumiza kichwa kuliko yote kwenye van yangu. Nilitengeneza rodi mbili za kupeleka gia mbele, na mifupa ya viungo niliitoa kwenye usukani wa gari bovu. Mwezi mzima. Mara ya kwanza ukitia ya tatu inaingia ya tano, na ya kurudi nyuma unaipata ukiomba dua. Nikagundua rodi zinanesa. Nikabadilisha bomba nene kidogo, nikaweka kishikio katikati, ikatulia. Kijiti cha transfa niliacha nyuma ya kiti cha dereva, unanyoosha mkono. Hukitumii kila siku.

Transfa ya Suzuki: wazo zuri, chuma kidogo. Ilitengenezewa kijigari chepesi. Wewe unataka kuitwisha nyumba, maji, watoto wawili na mama wa Witu. Itakwenda, itakwenda, halafu siku moja itakaa chini, na haitachagua karibu na nyumbani.

#11 BintiMambrui

Naingilia kidogo kabla hamjamaliza vyuma vyote. Mimi nafunga sola, Mambrui hadi Gongoni, na magari matatu ya kulala nimeyafungia umeme. Kaka wa Shela, umeandika injini, ekseli, transfa. Uzito wa nyumba hujaandika hata kilo moja.

Maji lita 100 ni kilo 100, hapo hakuna mjadala. Betri ya risasi ya 100Ah ni kilo 28 hivi na nusu yake tu ndiyo unayoruhusiwa kuitumia bila kuiua. Ya lithiamu ya kiasi hicho ni kama kilo 12 na karibu yote inatumika. Friji ya 12V kwa joto letu hesabu 40Ah au 50Ah kwa siku, maana kompresa huku hailali. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua kamili inaleta kama uniti moja kwa siku, yaani 80Ah kabla ya hasara. Inatosha friji, taa, simu na feni. Haitoshi pasi, na usimruhusu mtu akwambie inatosha birika.

Paa lako linainuka. Ukilibandika paneli ya vioo litakuwa zito, mtainua watu wawili. Chukua paneli nyepesi au uweke gesi za kusaidia kama za mlango wa nyuma. Na ule mpira unaozunguka paa, ung'oe wote sasa hivi kabla ya kununua godoro. Miaka mitatu juani, umekuwa biskuti. Mvua ya kwanza ya masika utaifahamu.

Mbao: kila mtu anataka mbambakofi kwa sababu babu yake alikuwa na mlango. Uache mlangoni. Kwa gari, plaiwudi nyembamba na fremu ya mbao nyepesi. Na usimpe kazi fundi wa makabati, mpe fundi wa mashua. Fundi wa makabati atakuja na pembemraba, ataweka kabati lililonyooka kwenye ukuta uliopinda, halafu nyuma yake panabaki pango la mende. Fundi wa mashua hajawahi kuona ukuta ulionyooka maishani mwake. Anachukua kipande cha kadibodi, anakikwaruza pole pole mpaka kinalala kwenye ubavu wa gari kama kilizaliwa pale, ndipo anakata mbao. Wa kwangu alitoka Ngomeni. Tatizo lake moja tu: alitaka kupaka sifa, yale mafuta ya papa ya mashua. Nilimwambia ami, hili gari halitaelea, na mimi ndimo nitakamolala.

#12 Spana_14

Gari linanuka ini la papa mpaka simba wanakuja wenyewe. Mzee Galana hutahitaji kutafuta wanyama tena.

#13 Mtoto_wa_Shela

Nimecheka mpaka mke ameuliza. Dada Mambrui, ahsante, nimeandika yote. Sasa nimeanza kuelewa kwamba nilianza hesabu kwa mkia.

Mzee Chuma, nina maswali mawili. Moja, ekseli nzima ya mbele itakaa vipi kwenye HiAce ambayo haina chasisi ya kujitegemea? Mbili, kwa nini nisibaki na ekseli ya nyuma ya HiAce? Ni Toyota, ni nzima, sijaona ubaya wake.

#14 Chuma_Kisauni

La kwanza. HiAce bodi na fremu ni kitu kimoja, lakini chini kuna mihimili miwili mirefu. Pale mbele unaondoa mikono yote ya asili, unachomelea vibao vya kushikia springi. Usichomelee chuma kinene moja kwa moja juu ya mhimili mwembamba. Kwanza unalaza bamba refu, ncha zake zikatwe mshazari kama mkia wa samaki, ili mzigo usikusanyike mstari mmoja. Nimeona mhimili uliopasuka sawasawa na ukingo wa bamba kana kwamba umekatwa kwa msumeno. Na kabla ya yote, gonga mihimili kwa nyundo ndogo. Gari la Malindi limekunywa chumvi. Panapolia "ting" ni pazima. Panapolia "tap", hapo ndani kumeliwa, kata utie chuma kipya.

Gari litainuka. Muombe fundi asizidishe, sentimita kumi au kumi na mbili, la sivyo propela zitapinda pembe kali na krosi zake zitakuwa zinakufa kila mwezi. Usukani ndio mtihani. Ile rodi inayoshuka kutoka usukani hadi gurudumu ilale karibu sambamba na springi. Ikiinama sana, kila shimo unalopita gari linajipigia usukani lenyewe. Hapo usikubali "itazoea". Gari halizoei. Breki nazo: pedali, silinda kuu na mgawanyo wa mbele na nyuma vilipangiwa van isiyo na mzigo huu. Zipimwe kabla hujapakia mtoto.

La pili linanigusa, nitaeleza aibu yangu.

Mwaka niliojenga yangu nilifanya unachotaka kufanya. Ekseli ya mbele nilinunua kwa mtu wa vyuma chakavu, ya nyuma ilikuwepo. Toyota na Toyota, nikasema ndugu hawakosi kuelewana. Mchangani ilikwenda uzuri, nikajisifu humu humu jukwaani, wazee wanakumbuka. Siku tunarudi kutoka Malindi nilisahau kutoa foo-wili, nikashika lami. Usukani ukawa mzito, nikadhani tairi. Baada ya Gede ikaanza kulia chini kama mtu anasaga meno. Matsangoni ikapiga mlio mmoja tu. Nilishuka nikaona mafuta yanachuruzika na kipande cha ganda la transfa kiko barabarani, ukubwa wa kiganja, bado cha moto.

Difu ya mbele ilikuwa 4.10, yaani propela inazunguka mara 4.10 magurudumu yakizunguka mara moja, ya nyuma 4.30. Maana yake ili gari liende kilomita ileile, propela moja ilitaka kuzunguka zaidi ya nyingine karibu asilimia tano. Mchangani tairi linateleza kidogo, tofauti inamwagika. Kwenye lami haina pa kwenda. Inajikusanya ndani ya vyuma mpaka mnyonge mmoja anavunjika. Hata ukoo mmoja hautakiwi kwenye lami na foo-wili ya aina hii, ukikata kona tu vinaanza kubanana, lakini mimi niliuongezea ugomvi wa kuzaliwa nao.

#15 Spana_14

Sasa raia atajuaje uwiano wa difu bila kuifungua? Wauzaji wote wanasema "hizo ni sawa boss".

#16 Chuma_Kisauni

Kwa chaki.

Ekseli iko chini, difu ya kawaida isiyo na loki. Kama ni ya mbele, habu za magurudumu zifunge kwanza, zishikane na ekseli. Mtu mmoja ashike gurudumu la upande mmoja lisicheze. Wewe piga alama ya chaki kwenye gurudumu la upande wa pili na alama nyingine kwenye shingo ya difu, pale propela inapofungwa. Sasa zungusha gurudumu lako mara 20 kamili, mwenzako anahesabu shingo imezunguka mara ngapi. Kwa kuwa upande mmoja umeshikwa, mizunguko 20 ya gurudumu ni mizunguko 10 ya ile gia kubwa ndani. Kwa hiyo shingo ikizunguka 41, difu yako ni 4.10. Ikizunguka 43, ni 4.30. Ikienda 45 na nusu hivi, hiyo ni 4.556, yenye meno 41 kwa 9. Ukipata karibu 49, ni 4.875.

Usizungushe mara mbili tatu ukakisia. Mara mbili, tofauti ya 4.10 na 4.30 ni sehemu ya tano ya mzunguko, jicho linadanganywa. Mara 20 inakuwa mizunguko miwili mizima, haina pa kujificha.

#17 Mzee_Galana

Maisha yangu yote kwenye magari na hilo la chaki sikulijua. Nimejifunza uzeeni.

#18 Karani_wa_Kilifi

Neno la karatasi, kisha natoka. Ukibaki na 5L ileile, nambari ya injini haibadiliki na umejipunguzia safari nyingi. Ukibadilisha injini, au gari likatoka kuwa la abiria likawa la kulala, mabadiliko yaingizwe kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Risiti ya kila kipande kikubwa iweke, hasa Hilux ya kuchinjwa: hakikisha aliyekuuzia ana karatasi zake, usije ukanunua mali ya mtu. Na bima uwaambie ukweli wa gari lilivyo, siku ya ajali wao ndio watakaolipima kwa utepe.

#19 Mpwa_wa_Witu

Umetaja kwetu nikashtuka. Mama yako wa Witu upande gani?

Kuhusu njia: lami ya Garsen hadi Mokowe siku hizi ni nzuri, foo-wili hutaihitaji pale, ila ukitoka nje ya lami upande wa delta wakati wa mvua, ule udongo mweusi haujali una magurudumu mangapi ya kuvuta. Unajaza tairi likawa kama andazi, basi umekaa. Mafuriko ya mwisho wa 2023 maji yalikata barabara Gamba, mabasi na Land Cruiser vyote vilisimama mstari mmoja vikatazamana. Na usalama: usilale porini kati ya Garsen na Mokowe hata kama gari lako ni hoteli. Uliza Minjila hali ikoje, pita mchana, ukalale Mokowe. Hapo gari linaishia, Lamu yenyewe ni kwa boti.

#20 BintiMambrui

Na ukiwa Mambrui au Watamu usije na tairi zako ulizozishusha upepo ukashuka ufukweni kujipiga picha. Kasa wanataga pale. Gari linashindilia mchanga, vifaranga havitoki. Simama juu, kwenye mivinje, uteremke kwa miguu.

#21 Mtoto_wa_Shela

Nimepumzika siku nne, sasa naleta ripoti.

1HZ nimeiaga. Nimemwambia yule bwana samahani, hakufurahi. Mpwa wa Witu, mama yangu ni wa Witu yenyewe, karibu na msikiti, tutaongea pembeni.

Jumamosi nilipanda matatu ya alfajiri kwenda Mombasa. Nilikuwa nimepigiwa simu kuna Hilux ya dizeli imeangukia ubavu, kila kitu cha chini kizima. Nilimchukua mpwa wangu, na mfukoni vipande viwili vya chaki nilivyomnyang'anya binti yangu wa darasa la tatu.

Muuzaji mcheshi, soda imeshafunguliwa kabla hatujakaa. Giaboksi na transfa bado vimeungana, safi, mafuta hayanuki kuungua. Ekseli mbili zimelala juu ya matairi. Nikauliza, zote za gari hili? "Za gari hilihili boss, nimeteremsha mwenyewe." Nikamwambia mpwa shika hapo. Nikaanza na ya mbele. Muuzaji alidhani naangalia beringi. Ishirini: mpwa akasema 41. Tukaenda ya nyuma. Kufika kumi na tano nikaona muuzaji ameacha kuongea. Ishirini: mpwa akanitazama, akasema, "Mjomba, 43."

Tukarudia. 43.

Nilipiga alama kubwa ya chaki kwenye ganda la difu, 43, nikamuonesha. Kwanza akasema chaki haijui gari. Kisha akasema pengine vijana walichanganya usiku. Kisha akaniuliza nimefundishwa na nani.

Tumeafikiana hivi: nimechukua giaboksi, transfa, propela ya mbele na ekseli ya mbele, kwa risiti. Ya nyuma nimemwachia. Amesema ya 4.10 ataitafuta, nami nimesema nitakuja na chaki.

Hesabu nyingine niliyofanya kwenye matatu ya kurudi: nikivaa tairi za 7.50R16, kimo chake kama sentimita 80, na zangu za sasa 195R14 ni kama 67, basi mshale ukisema 80 nitakuwa ninakwenda karibu 95. Nimeshika sawa?

#22 Chuma_Kisauni

Umeshika kwa upande wa tairi, mradi difu na gia inayozungusha mshale zingebaki zilezile. Na hizo tairi kubwa zitaifanya 5L ione difu ya 4.10 kuwa nzito kidogo kwenye lami. Kupanda mlima utashuka gia mapema, usiione aibu. Mchangani gia nzito itakulipa.

Kwa nyuma, usikate tamaa. Ukikosa ekseli nzima ya 4.10, tafuta kile kichwa cha difu peke yake. Kinatoka na bolti zake kizima, unarudishia kingine. Tena ukipata hivyo, hata ile ya 43 ungeichukua ukabadilisha kichwa. Mpigie kabla hajaiuza. Umwambie umeisamehe.

Na hiyo "mjomba, 43" nimemsomea kijana wangu wa karakana mara mbili.

#23 Mtoto_wa_Shela

Nimempigia. Amecheka. Ameniwekea.

#24 Spana_14

Kazi inaanza lini? Tunataka picha. Na yule fundi wa wiki tatu umemwambia nini?

#25 Mtoto_wa_Shela

Fundi nimemwambia nitamwita kwa rangi. Kazi ya vyuma mzee Chuma amekubali kuja Malindi wikendi, mimi nimlishe tu. Fundi wa mashua wa Ngomeni nimeshapewa namba yake pembeni, na nimeambiwa nimkataze sifa siku ya kwanza.

Ila kuivuta van kutoka chini ya mkwaju kumekwama. Leo nilikwenda na kamba, nikafungua mlango. Mayai yamekuwa kumi na moja, na kuku sasa ameatamia. Mama wa nyumba ile amekataa katakata gari lisogezwe mpaka vifaranga vitoke.

#26 BintiMambrui

Siku ishirini na moja. Basi fundi wako hakukosea, wiki tatu gari linatoka.